Kamasi za Mdogo Wangu

Kama ningekubali kumfyonza mdogo wangu kamasi asubuhi ile, nyanya angekufa?

Nilikuwa na miaka minane na sikuweza kulijibu swali hilo. Sikuweza hata kuliuliza, maana mtu pekee aliyeyavumilia maswali yangu nyumbani alikuwa amelazwa chini ya kitenge, na wanaume wa mtaa walikuwa wanazunguka kutafuta kitambaa cheupe cha sanda katika mji usiokuwa na kitambaa.

Vilikuwa vita. Tuliishi Alunguli, upande mmoja wa mji wa Kindu, na ng'ambo ya pili ya mto Lualaba ilikuwa Kasuku, kwenye ofisi na soko kubwa. Mitumbwi ilikuwa imekatazwa kuvuka. Baba alikuwa amekwenda Kasuku kwa shughuli ya siku moja, mto ukafungwa nyuma yake, akabaki huko kwa miezi. Treni ilinyamaza. Chumvi tuliipata kwa kuchoma majani ya mtoni na kuchuja majivu yake. Ilikuwa na uchungu mwishoni, lakini tuliizoea mpaka chumvi ya kweli iliporudi tukaiona kama imepungukiwa na kitu. Familia mbili zilizokimbia vijiji vyao zilikuwa zinakaa kwenye baraza yetu. Mtu akikohoa, uwanja mzima ulijua ni nani.

Mama aliondoka kila alfajiri na wanawake wenzake kutafuta mihogo mbali, kwa sababu ile ya karibu ilikwisha kung'olewa na wenye bunduki. Nyumbani tulibaki watatu: nyanya, yaani mama yake baba; mimi; na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu na aliyelala kila siku kifuani kwa nyanya kama hirizi.

Kwetu mtoto asiyejua kupenga hufyonzwa. Pua ikiziba hawezi kunyonya wala kulala, basi mtu mzima huweka mdomo wake juu ya pua ile, huvuta, hutema pembeni, husukutua kwa maji. Mama hufanya hivyo, nyanya hufanya hivyo, hata shangazi aliyepita kusalimu hufanya hivyo na kuendelea na maongezi. Kukataa ni kama kukataa kumwinua mtoto aliyeanguka.

Asubuhi ile pua ya mdogo wangu ilikuwa inamiminika. Mwili wake ulikuwa moto. Nyanya aliniita kwa jina la utani ambalo nyanya wa kwetu huwaita wajukuu wao wa kike, kana kwamba wote wawili wameolewa na babu.

"Kuja hapa, muke mwenzangu. Leo njo zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Ya kufyonza. Utazaa siku moja. Nani atakufundisha, goigoi weye?"

Nilitazama zile kamasi. Zilikuwa za kijani kibichi, nzito.

"Nyanya, zinatoka wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani wapi?"

"Fyonza kwanza, utauliza nyuma."

"Na zikiingia tumboni?"

"Unatema."

"Na zikibaki kidogo?"

Alicheka mpaka akamtikisa mtoto. "Mungu wangu! Huyu ataolewa na nani? Bwana atakimbia maswali hata kabla ya ugali kuiva." Kisha akanikazia macho. "Unaogopa kamasi ya ndugu yako wa tumbo moja?"

Nikasema ndiyo. Nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikajificha kwenye vyungu vya majivu. Kutoka pale nilimwona akiinamisha kichwa, akivuta, akitema. Alifanya mara tatu. Kisha akapaza sauti ili nisikie: "Ona! Sijakufa!"

Mdogo wangu aliwaka homa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa anatembea tena na kunyang'anya wenzake mahindi. Nyanya ndiye aliyekuwa amelala. Hakuungua kwa homa, hakupiga chafya. Alikuwa anahema tu kama mtu aliyepanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, naye hajainuka mkekani. Kituo cha afya kilikuwa na kuta na mlango, dawa hakina. Mama aliacha kwenda kutafuta mihogo. Siku ya sita nyanya akafa.

Mzee mmoja wa kike katika wale wakimbizi wa barazani ndiye aliyetoa hukumu. "Amekula ugonjwa wa mutoto," alisema, na wanawake wote wakaitikia kwa kichwa. Kwao ilikuwa sifa: nyanya mwema hufyonza ugonjwa ili mtoto abaki. Mama alilia zaidi kwa kusikia hivyo, na nadhani alifarijika. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Niliyaelewa yale maneno kwa namna yangu. Ugonjwa ule ulikuwa umewekwa mbele yangu niule mimi, nikakataa, akala yeye.

Sikumwambia mtu. Wala sikuwa mtoto wa huzuni. Mto ulifunguliwa, baba akarudi, nikaenda shule, nikawa yule mwanafunzi ambaye walimu wanapoingia darasani wanatazama kwanza kama yupo. Nilitaka kujua mtu anakulaje ugonjwa. Nilimuuliza mwalimu wa dini akanipa jibu la subira. Nilimuuliza mwalimu wa biolojia akasema tutafika sura hiyo, na hatukufika. Nikaamua nitaifikia mwenyewe. Nilipokwenda chuo kikuu, wenzangu walichagua masomo kwa kuhesabu kazi zitakazopatikana. Mimi nilichagua kwa sababu ya pua.

Niliyosoma kwanza yalinifurahisha mno, na kwa hiyo nikayashuku. Virusi vya mafua makali, ambavyo sisi tunaviita gripe, huanzia puani. Mtu mzima amekwisha kukutana na ndugu wa virusi hivyo mara nyingi. Ute wa pua yake umebeba kinga zinazowakumbuka, kama mlinzi mwenye orodha ya majina mlangoni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana orodha. Hajakutana na mtu. Lakini hii haina maana kwamba mlango wake uko wazi. Seli zilizotandikwa ndani ya pua yake ziko macho kuliko za mtu mzima. Zikihisi mgeni, hata kama hazimjui jina, hupiga mbiu, na seli jirani zikisikia hujifunga. Ute unamiminika. Chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale, zinapigana, nyingi zinafia humo humo, na maiti zao ndizo zinazoipa kamasi ile rangi ya kijani niliyoiogopa. Baadaye, vita vikitulia, pua yenyewe huanza kuandika orodha yake: kinga za kwanza, zitakazokaa katika ute huo huo zikimngoja mgeni arudi.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kamasi za mdogo wangu zilikuwa mbiu.

Lakini nilijilazimisha kusoma na upande wa pili. Mbiu kubwa si ushindi. Watoto wadogo hulazwa kwa gripe, wengine hufa, na wakati mwingine fujo ya ulinzi wenyewe ndiyo inayoziba mapafu. Tena mtoto, kwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza, humwaga virusi puani kwa siku nyingi kuliko mkubwa. Sentensi hiyo niliisoma mara tano. Ilikuwa hukumu ya yule mzee wa barazani, safari hii imeandikwa katika kitabu. Nyanya aliweka kinywa chake mahali ambapo virusi vilikuwa vingi kuliko mahali pengine popote uwanjani. Mwenye kufyonza angepaswa kuwa mimi, mwenye miaka minane na mapafu mapya.

Nilimaliza masomo na jibu baya. Nikasema basi, nitaishi nalo, lakini nitahakikisha kwanza kama ni la kweli.

Sasa ninafanya kazi Kindu. Ninaishi Kasuku, na siku nyingi ninavuka kwenda Alunguli na sanduku lenye barafu. Kazi yangu ni kuchukua ute wa pua za watoto wenye homa na kikohozi kwa kijiti chenye pamba, nautia katika kichupa, unapelekwa kwa ndege kwenye maabara ya mbali, na baada ya wiki nyingi karatasi inarudi kusema ni virusi gani vinavyotembea mjini kwetu.

Miezi ya kwanza karatasi zilirudi karibu tupu. Watoto walikuwa wanakohoa mbele yangu, na maabara inasema haijaona kitu. Mkuu wangu alisema nashika kijiti vibaya. Nilijifunza upya kushika kijiti. Bado hakuna kitu. Nilishuku barafu, nikashuku ndege, nikawashuku hata wenye maabara. Kisha asubuhi moja nilifika kituo cha afya cha Alunguli mapema kuliko kawaida, nikakaa kwenye benchi la nje, nikaona akina mama wakifika. Kila mmoja, hatua chache kabla ya mlango, alisimama, akamshusha mtoto mgongoni, akaweka mdomo juu ya pua yake, akavuta, akatema kwenye majani. Kisha akampaka mafuta ya mise usoni, ya ndani ya kokwa la mchikichi, akachovya kidole na kupitisha mpaka ndani ya matundu ya pua. Ndipo akaingia na mtoto anayeng'aa.

"Mama, juu ya nini unamufyonza hapa mulangoni?" nilimuuliza mmoja.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa nguo. "Nimulete kwa docta na kamasi? Munitukane?"

Alikuwa na haki. Wauguzi wa kwetu, na mimi nimewasikia, humwambia mwanamke mbele ya watu wote: huyu mtoto mchafu hivi, hakuna maji kwenu? Basi kwa heshima ya kituo walikuwa wananiletea pua zilizofagiliwa. Nilikuwa naokota vumbi baada ya ufagio.

Niliamua kwamba kama pua chafu haziji kwangu, nitazifuata. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba asubuhi, watoto wanapoamka, kabla mtu hajamshika mtoto. Nilipita nikiita kutoka njiani: "Musifyonze! Musifyonze kwanza!" Haikupita wiki, Alunguli nzima ikanipa jina: Docta wa Kamasi. Vijana wa pikipiki walinipigia honi. "Docta wa Kamasi, panda! Lakini mikono umenawa?" Mwanamke mmoja sokoni alinipunguzia bei ya samaki kwa huruma, akisema kazi ngumu kweli wasichana waliosoma mnapewa. Nilikubali samaki na huruma. Karatasi zilianza kurudi zimejaa.

Ndivyo nilivyofika kwenye uwanja wa nyanya mmoja mwenye mjukuu wa miaka miwili. Mkamwana wake alikuwa anatwanga. Mtoto alikuwa moto, pua inamiminika, na yule mzee alikwisha kuinamisha kichwa.

"Nyanya, tafadhali, bado!"

"Bado nini? Mutoto anashindwa kupumua."

Nilichukua ute haraka, mtoto akapiga kelele, nikaweka kichupa kwenye barafu. Kisha nikamwambia nililokuwa nimekusudia kumwambia kila nyanya wa mji huu. "Usimufyonze tena kwa kinywa. Gripe yake inaweza kukuingia, na wewe ni muzee. Iko kipira kidogo cha kufyonzea, na maji ya chumvi ya kudondoshea."

"Kipira kiko wapi?"

"Kwenye duka la dawa, Kasuku."

"Na huku kwetu?"

Nilisukuma barafu juu ya kichupa.

"Basi kinywa changu njo kipira," alisema, na mkamwana wake akacheka mpaka akaacha kutwanga.

Ilinibidi nicheke pia. Nikaahidi kwamba kesho nitamletea kipira, na nilimletea. Lakini nilipokuwa nafunga sanduku nilimtazama tena. Alikuwa ameegemea ukuta kwa bega moja, na tangu niingie hakuwa ameuacha.

"Nyanya, na wewe unaumwa?"

"Mi? Siko na homa, siko na kamasi. Ni uzee tu, miguu haitaki."

Orodha yangu ilikuwa ya watoto peke yao. Nikatoa kijiti kingine. "Nipe na wewe pua."

"Pua ya muzee? Utapata tumbako humo."

Alinipa, akapiga chafya, akanitukana kwa upendo. Alipona baada ya siku kadhaa. Bado yuko, na kile kipira anawaazima majirani.

Karatasi ilirudi baada ya wiki tano. Mtoto: virusi vya gripe vimeonekana. Nyanya, ambaye hakuwa na homa wala kamasi: vimeonekana.

Nilirudi pale kumuuliza mkamwana nani alianza.

"Mutoto. Tuliona kamasi siku ya soko."

"Na mama mukwe wako?"

"Yeye hakuanza, hakuumwa." Alifikiri. "Ila siku mbili mbele ya soko, kamasi bado, alikataa kwenda shamba. Na mi tangu niolewe sijamuona anakataa shamba."

Nilisimama pale na daftari mkononi. Nyumba moja si ushahidi, hilo najua. Mtu anaweza kukataa shamba kwa sababu elfu. Lakini kuna jambo nililokuwa nimelisoma chuoni na kulipita haraka, kwa sababu nilikuwa natafuta pua ya mtoto tu: mwili wa mzee mara nyingi hauna nguvu ya kupiga mbiu. Virusi vinaweza kuingia na homa isipande, ute usimiminike, na mtu akahisi uchovu tu na kukosa hamu ya chakula. Kisha mapafu ndiyo yanayosema, tena kwa kuchelewa. Nyumbani kukiwa na mtoto na mzee, anayeonekana mgonjwa wa kwanza ni yule mwenye mbiu kubwa. Hiyo haina maana kwamba ndiye aliyeanza.

Miaka yote nilikuwa nimeanza kuhesabu kutoka kwenye kamasi za mdogo wangu. Sikuwahi kuuliza siku za nyuma yake.

Nilikwenda kwa mama siku hiyo hiyo. Bado anakaa kwenye uwanja ule ule wa Alunguli. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, nikakaa naye, na kwa mara ya kwanza nikamwambia: nyanya aliniagiza nimfyonze mdogo wangu, nikakataa, nikakimbia.

Hakuinua macho. "Ulikuwa mutoto."

"Mama, sitaki unifariji. Nataka siku."

"Siku gani?"

"Zile za nyanya. Moja moja. Kamasi za mdogo wangu zilianza siku gani?"

"Weye unauliza kama askari wa kizuizini." Lakini aliweka ungo chini. Mama hakumbuki tarehe. Anakumbuka alichopata na alichokosa. Kamasi, alisema, zilianza siku aliyorudi na mihogo ya kule kwenye reli, kwa sababu alipika mingi na mtoto akakataa. Siku moja kabla ya hiyo alirudi mikono mitupu, wamezuiwa njiani.

"Na kabla ya hiyo?"

Jogoo alikuja karibu na ungo, mama akamfukuza kwa mguu bila kumtazama.

"Siku hiyo nilipata sombe, majani tu ya mihogo," alisema. "Nyanya yako alikuwa amekwenda matangani kwa wale jirani wa nyuma, siku yake ya tatu, nyinyi mulibaki na watu wa baraza, alikaa nao mchana kutwa, nyumba ile watu walikuwa wanakohoa wote. Akarudi."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa..." Aliikunja mikono. "Juu ya nini unataka hii sasa?"

"Kwa sababu sijawahi kuijua. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza siku. Kila mara ulikuwa unauliza kwa nini, na hiyo mi sina."

Kisha akaniambia. Jioni ile, siku mbili kabla ya asubuhi ya mimi kukimbia, nyanya aliingia uwanjani akishika ukuta, akasema miguu yake si yake. Mama alimpakulia sombe, akaisukuma pembeni. Mama akamwambia ni uzee, naye akaitikia, ni uzee, akamchukua mdogo wangu kifuani, wakalala. Hakuwa na homa. Hakuwa na tone la kamasi. Na pua ya mdogo wangu, jioni ile, ilikuwa kavu.